Tulinde Figo Zetu: Sumu za Mazingira, Ugonjwa wa Figo na Saratani

Haya ni maneno ya afisa wa afya ya umma wa kaunti katika baraza la wananchi lililofanyika wakati wa maadhimisho ya Siku ya Figo Duniani. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa na majibu yake.

Asanteni kwa kuacha kazi zenu na kuja kutusikiliza. Najua wengine mmeacha mahindi yakiwa yameanikwa na mnaangalia mawingu. Sitawachelewesha.

Nilikuwa nimejitayarisha kuzungumza juu ya sukari na shinikizo la damu, kama tunavyofanya kila mwaka siku hii. Hayo nitayagusa, kwa sababu ndiyo yanayoharibu figo za watu wengi zaidi. Lakini baada ya baraza lililopita, mama mmoja alinifuata pale chini ya mwembe. Mume wake ni fundi. Kwa miaka mingi amekuwa akivunja mabetri makuukuu ya magari na kuyeyusha risasi nyuma ya nyumba. Figo zake zimeshindwa, na sasa anakojoa damu. Daktari amewaambia kwamba lazima achunguzwe saratani. Mama akaniuliza mambo mawili. La kwanza: "Daktari, figo na saratani vinakutana wapi? Au tumerogwa?" La pili alilisema polepole: "Na watoto wangu wanaocheza pale anapochomea?"

Nilimjibu siku hiyo kwa kifupi. Leo nataka kumjibu vizuri, mbele yenu nyote, kwa sababu swali lake ni letu sote.

FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Kila mmoja wetu ana figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, ziko mgongoni chini ya mbavu. Kazi yake inafanana na ya chujio la chai. Kwa siku moja figo huchuja lita zipatazo 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, kama lita moja na nusu hivi, hutoka kama mkojo.

Sasa fikirieni chujio lile. Chai ikipita, makapi hubaki wapi? Hubaki kwenye chujio. Ndivyo ilivyo kwa figo. Sumu uliyoila, uliyoinywa au uliyoivuta kwa pumzi huingia kwenye damu, na damu yote hupita kwenye figo mara nyingi kwa siku. Maji yanaporudishwa mwilini, sumu iliyobaki hukolea mlemle ndani ya figo, kisha hushuka kwenye mirija na kukaa kwenye kibofu saa nyingi kabla hujaenda haja ndogo. Kwa hiyo figo, mirija na kibofu huguswa na sumu kwa kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za mwili.

Figo zikiumia kwa zaidi ya miezi mitatu bila kupona, tunasema mtu ana ugonjwa sugu wa figo. Ugonjwa huu hauna kelele. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake na bado analima, anaendesha boda boda, anacheza ngoma harusini. Akianza kuvimba miguu, kukosa hamu ya kula, kuwashwa mwili na kuishiwa pumzi, mara nyingi tumeshachelewa.

FIGO NA SARATANI HUKUTANA WAPI?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni sumu moja kufanya kazi mbili. Kuna sumu ambazo zikifika kwenye figo huua seli za pale na kuacha kovu. Figo husinyaa. Lakini seli nyingine hazifi. Hubaki hai zikiwa zimeharibiwa yale maagizo ya ndani yanayoiambia seli lini ikue na lini iache kukua. Baada ya miaka, pengine 10, pengine 20 au zaidi, seli mojawapo huanza kuzaana bila breki. Hiyo ndiyo saratani. Hapo ugonjwa wa figo na saratani ni kama watoto wa mama mmoja.

Njia ya pili ni figo zenyewe zikishashindwa. Uchafu uliopaswa kutoka hubaki kwenye damu, mwili unakaa na uvimbe wa ndani kwa ndani, na kinga yake inapungua. Wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine kwa miaka mingi huota vifuko vya maji kwenye zile figo zao zilizosinyaa, na katika baadhi yao saratani huanzia humo.

Njia ya tatu ni tiba. Mtu akipandikizwa figo, hupewa dawa za kutuliza kinga ili mwili usiikatae figo ya mgeni. Dawa hizo zinaokoa maisha na haziachwi. Lakini kinga ikitulizwa, saratani fulani, kama ile ya ngozi na ile ya tezi, hupata nafasi. Ndiyo maana mgonjwa huyo huchunguzwa mara kwa mara maisha yake yote.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la mama yule ni hili: hamkurogwa. Kuna sababu zinazojulikana, na nyingi zinaweza kuzuiwa.

MAMBO YALIYOTOKEA BRUSSELS

Niwape mfano mmoja ambao umefundisha madaktari wa dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels nchini Ubelgiji, madaktari wa figo walianza kupokea wanawake, wengine wakiwa bado vijana, ambao figo zao zilikuwa zimekufa kwa kasi ya ajabu. Hawakuwa na sukari. Hawakuwa na shinikizo la damu. Walipoulizwa sana, ikaonekana walipitia kliniki moja ya kupunguza unene, na walikuwa wakimeza vidonge vyenye mitishamba kutoka Uchina.

Uchunguzi ukaonyesha kwamba katika vidonge vile mmea mmoja ulikuwa umechukua nafasi ya mwingine kwa makosa, kwa sababu majina yake ya Kichina yanafanana. Mmea ulioingia ni wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu iitwayo asidi ya aristolokiki. Zaidi ya wagonjwa 100 walitambuliwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1993.

Lakini haikuishia kwenye figo. Mwaka 2000 madaktari walitoa taarifa nyingine. Wagonjwa 39 waliokuwa wameshafikia hatua ya kusafishwa damu au kupandikizwa figo walikubali kuondolewa figo zile zilizokufa pamoja na mirija yake, kama kinga. Zilipopimwa kwenye maabara, wagonjwa 18 kati ya wale 39 walikutwa tayari wana saratani katika njia ya mkojo. Na wengi wa waliobaki walikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Vidonge walikuwa wameshaviacha miaka mingi nyuma. Sumu ilipita, alama yake ikabaki.

Sasa angalieni jambo hili. Huko ulaya ya kusini mashariki, katika vijiji vilivyo kando ya mito inayoingia Danube, katika nchi za Serbia, Bosnia, Kroatia, Romania na Bulgaria, wakulima walikuwa wakiugua figo tangu miaka ya 1950 na pengine kabla. Kijiji hiki kinaugua, kijiji cha jirani kizima. Wengi wa wagonjwa hao walipata pia saratani ya mirija ya mkojo. Watu walilaumu maji, wakalaumu damu ya ukoo. Mwishoni wanasayansi walipata katika figo za wakulima alama zilezile za sumu ile ya Brussels. Mmea wa Aristolochia ulikuwa ukiota kama gugu katikati ya ngano. Wakati wa mavuno mbegu zake zilivunwa pamoja na ngano, zikasagwa pamoja na kuliwa kwenye mkate, kidogo kidogo, kwa miaka mingi.

Hakuna aliyewatilia sumu. Mkate walioupika wenyewe, kutoka shamba lao wenyewe, ndio uliowaumiza. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka asidi hiyo katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitishwa kwamba husababisha saratani kwa binadamu.

Kwa nini nawaambia habari za mbali? Kwa sababu mimea ya jamii hii huota katika nchi nyingi zenye joto, na kwa sababu hapa kwetu pia chupa za dawa za "kusafisha mwili" na chai za kupunguza tumbo zinauzwa sokoni, kwenye stendi ya matatu na kwa simu, bila karatasi inayosema ndani kuna nini. Sisemi kila mtishamba ni sumu. Wazee wetu wametibu watu. Nasema kwamba dawa isiyo na jina la mmea, isiyo na kipimo, na ambayo aliyeiuza hatamwona tena mgonjwa wake, usiipitishe kwenye figo zako.

SUMU NYINGINE ZILIZO KARIBU NASI

Ziko nyingine, na nitazitaja moja moja.

Risasi. Nazungumzia madini ya risasi, yaliyomo kwenye mabetri ya magari na baadhi ya rangi za zamani. Betri ikivunjwa na risasi ikiyeyushwa, moshi na vumbi lake huingia mapafuni, hutua udongoni na kushika nguo. Fundi akirudi nyumbani na kumbeba mtoto, amembeba na vumbi. Risasi hukaa kwenye mifupa miaka mingi ikivujia kwenye damu. Huharibu figo polepole na kupandisha shinikizo la damu. Kuhusu saratani, wataalamu wanaweka michanganyiko ya risasi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Kwa watoto, risasi huharibu ubongo unaokua, hata kwa kiasi kidogo.

Hili si jambo la nchi za mbali. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha mabetri kilichojengwa ukutani mwa nyumba za watu. Watoto na watu wazima walikutwa na risasi mwilini. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, alisimama na wakazi hadi kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaendelea katika mahakama za juu. Fidia ni haki yao. Lakini muulizeni mzazi yeyote wa pale kama hangependa kiwanda kile kisingejengwa kabisa.

Aseniki. Sumu hii hutoka ardhini yenyewe katika baadhi ya nchi na kuingia kwenye maji ya visima. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huko Taiwan na Bangladesh, watu walichimba visima ili wapate maji bora, kumbe chini kulikuwa na aseniki. Imethibitishwa kwamba husababisha saratani ya kibofu, ya mapafu na ya ngozi, na inahusishwa pia na saratani ya figo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji. Na mkumbuke: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Maji yakipungua kwenye sufuria, madini hukolea zaidi.

Kadmiamu. Huko Japani, katika bonde la mto Jinzu, uchafu wa mgodi uliingia mtoni na mto ukamwagilia mashamba ya mpunga. Wakulima, hasa akina mama wazee, waliharibika figo na mifupa yao ikavunjika kwa maumivu makali hata ugonjwa ukaitwa "inauma, inauma" kwa lugha yao. Mwaka 1968 serikali yao ilikiri kwamba chanzo ni kadmiamu. Madini haya hukaa kwenye figo miaka 10 hadi 30, na yamo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Hapa kwetu mtu anaweza kuyapata kwa kuchoma mabetri na taka za umeme. Lakini njia ya kawaida kabisa ni sigara. Moshi wa tumbaku una kadmiamu, na tumbaku ndiyo sababu kubwa zaidi ya saratani ya kibofu duniani.

Kuvu. Mwaka 2004 katika eneo la Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu hiyo huua ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huleta saratani ya ini. Kuvu wengine wa nafaka hutoa sumu iitwayo okratoksini, ambayo huumiza figo. Mtu anayeona mahindi yameota kuvu akasema "nitayakoboa tu" anajidanganya, na akimpa ng'ombe, sumu hurudi kupitia maziwa.

Dawa za maumivu. Zamani kulikuwa na dawa iliyoitwa fenasetini, ikiuzwa madukani kama peremende. Waliozoea kuimeza kila siku walipata ugonjwa wa figo na saratani ya njia ya mkojo, hadi nchi nyingi zikaipiga marufuku. Dawa za leo kama ibuprofeni na diklofenaki si fenasetini, lakini zikimezwa kila siku kwa mgongo na magoti bila ushauri, zinachosha figo. Vilevile krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki: zebaki hupenya ngozi na kuharibu chujio la figo.

TUFANYE NINI?

Nyumbani: usichome mabetri, nyaya wala taka za umeme karibu na watu au jikoni. Usiweke maji ya kunywa kwenye mtungi uliokuwa na dawa ya kunyunyizia mimea. Chupa ya dawa hiyo ioshwe mara tatu, maji ya kuoshea yamwagwe kwenye pampu na kunyunyiziwa shambani, kisha itobolewe ili asiitumie mwingine.

Shambani: vuna mahindi kwa wakati, anika juu ya turubai na si juu ya udongo, na usiweke ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kukupimia. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia.

Kazini: mafundi wa mabetri, wachomeleaji na wapaka rangi, fanyeni kazi mbali na makazi. Valia barakoa inayofaa. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Usile wala kuvuta sigara kwa mikono yenye vumbi. Ukiona kiwanda kinatoa moshi au maji yasiyoeleweka, piga ripoti kwa ofisi ya afya ya umma, kwa Chifu, au kwa NEMA. Hiyo si uchochezi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Hospitalini: mwenye sukari, mwenye shinikizo, mwenye jamaa aliyeugua figo, aliyefanya kazi na sumu nilizozitaja, na aliyetumia mitishamba kwa muda mrefu, apimwe figo angalau mara moja kwa mwaka. Vipimo ni vitatu: shinikizo la damu, mkojo kuangalia protini na damu, na damu kuangalia kreatinini. Wahamasishaji wetu wa afya ya jamii wana mashine za kupima shinikizo na sukari, na wanakuja mpaka mlangoni. Wafungulieni. Na kila mmoja ajisajili na SHA kwa kubonyeza *147# au kupitia mhamasishaji wake, kwa sababu ugonjwa haungoji usajili.

Na hili naomba mlichukue hata mkisahau mengine yote: damu kwenye mkojo si jambo la kungoja, hata kama haiumi, hata kama imetoka mara moja ikaacha. Huku kwetu mtu akikojoa damu husema ni kichocho tu. Huenda kweli ni kichocho, na kina dawa, lakini kichocho kisichotibiwa nacho huziba mirija, huharibu figo na huleta saratani ya kibofu. Kwa hiyo vyovyote iwavyo, nenda upimwe. Saratani ya kibofu ikigunduliwa mapema hutibika. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa mlio na ugonjwa wa figo tayari: mwambieni daktari kila mnachotumia, pamoja na mitishamba. Hatutawagombeza. Msikose kliniki. Damu ikionekana kwenye mkojo, msingoje siku ya miadi. Akina mama, msiache kupimwa saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti kwa sababu "tayari nina ugonjwa mkubwa zaidi".

MASWALI YA WANANCHI

Swali: Nikiwa na ugonjwa wa figo, ni lazima nitapata saratani?

Jibu: Hapana. Wengi wenye ugonjwa wa figo hawapati saratani kamwe. Hatari yao iko juu kidogo kuliko ya wengine, na kwa walioguswa na sumu kama ile ya Brussels iko juu sana. Ndiyo maana tunasisitiza uchunguzi, na ndiyo maana daktari anapaswa kujua umefanya kazi gani na umekunywa dawa gani maishani mwako.

Swali: Babu yangu ni mganga wa mitishamba na hajawahi kumdhuru mtu. Mnatukataza?

Jibu: Hatukatazi. Lakini kumbuka wale wa Brussels walikuja kuugua saratani miaka mingi baada ya kuacha vidonge. Mganga angejuaje? Tunachoomba ni babu atujulishe mmea anaoutumia, asimpe mtu mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito, na mgonjwa asiache dawa za hospitali.

Swali: Tumechimbiwa kisima na maji ni safi kama kioo. Bado yapimwe?

Jibu: Ndiyo. Macho hayaoni madini. Kamati ya kisima iandikie ofisi ya maji ya kaunti, sampuli ichukuliwe kwenye chupa safi na kupelekwa maabara, na matokeo yasomwe mbele ya wanakijiji wote. Msikubali kuambiwa tu "maji ni mazuri". Ombeni karatasi.

KWA MAMA YULE

Nimalizie kwa swali la pili la mama yule, la watoto.

Kipimo cha risasi kwenye damu hakifanywi katika kila zahanati, lakini daktari anaweza kuandika rufaa na damu ikapelekwa maabara inayopima. Watoto wote waliocheza mahali pale wapimwe. Wakati wakingoja, wahamishiwe mahali pengine pa kuchezea. Sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kavu, kwa maana ufagio hurusha vumbi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wapewe maharagwe, omena, mboga za majani na maziwa, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Udongo wa pale usichukuliwe kupanda sukuma wiki.

Yule bwana yuko kliniki, na uchunguzi wake unaendelea. Figo zake hatuwezi kuzirudisha zilivyokuwa. Alipokuwa akiyeyusha risasi ile alikuwa akitafuta karo, na hakuna aliyemwambia. Ninyi leo mmeambiwa. Nyuma ya nyumba ngapi katika wadi hii bado kuna jiko la kuyeyushia mabetri? Tukitoka hapa tutapita nyumba kwa nyumba na wahamasishaji, bila askari, kutafuta pamoja na mafundi mahali pengine pa kufanyia kazi hiyo. Tukibisha hodi, tukaribisheni.

Sasa nendeni mkaanue mahindi, mvua inakuja.